Ghala la Mama, Chai ya Kanisa

Waingereza walipoitiisha Embu kwa bunduki mwaka 1906, kisha wakafungua boma Meru chini ya Edward Butler Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuhesabu nyumba. Kodi ilitozwa kwa kila nyumba, na mwanamume mwenye wake watatu alidaiwa mara tatu. Makarani waliozunguka na madaftari hawakuwa na haja ya kujua nani anapika nini. Hata hivyo, bila kukusudia, waliandika jambo ambalo wamisheni walichukua miaka mingi kulielewa: kwenye miteremko ya mashariki na kusini mashariki ya Mlima Kenya, nyumba ilikuwa ya mwanamke. Kila mke alikuwa na paa lake, moto wake, shamba lake na ghala lake.

Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mafiga matatu, vyungu, vibuyu, jiwe la kusagia, kitanda cha mama na watoto wadogo, na pembeni mahali pa mbuzi. Nje palisimama ghala, ambalo watu wa pande hizi huliita ikumbi. Aliyelima ndiye aliyelijaza, na aliyelijaza ndiye aliyepima. Mke alijua wimbi limebaki kiasi gani, mbegu za msimu ujao ziko wapi, na mgeni akiingia jioni atapewa nini. Mume mwenye busara hakupeleka mkono ghalani kama alivyotaka, na mke aliyedhulumiwa alikuwa na jibu ambalo kila jirani alilielewa: hakupika. Mtu akisema kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na mamlaka yoyote, aanzie hapo kujisahihisha.

Chakula chenyewe kilifuata mwinuko wa ardhi. Juu, penye baridi na mvua, katika Imenti, Mwimbi, Chuka na Embu ya juu, walipika ndizi mbichi, viazi vikuu, nduma, viazi vitamu, maharage ya njahi na uji wa wimbi. Chini, Tharaka na Mbeere, ambako mvua ni ya kubahatisha, chungu kilitegemea mawele, mtama, mbaazi, kunde na ndengu. Viazi vikuu, ndizi na miwa vilihesabiwa zaidi kuwa mimea ya wanaume; nafaka ndogo na jamii ya maharage vilikuwa vya wanawake. Karibu kila kitu kilichemshwa, kikapondwa kwa mwiko mzito, kikaliwa kikiwa moto. Nyama ilichomwa na wanaume, mbali na nyumba, na wanaume hawakula pamoja na wake zao. Mwanamke aliyejifungua alilishwa uji na njahi, na majirani walimletea kuni na unga mpaka apate nguvu.

Huko Meru kulikuwa na gaaru, nyumba kubwa walimolala vijana waliotahiriwa, walinzi wa ukoo na ng'ombe wake. Vijana hao hawakujipikia. Chakula kilibebwa kutoka kwa mama zao, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Sifa za mashujaa hao zimeimbwa sana. Waliowalisha wametajwa kidogo mno.

Wamisheni waliingia katika mpango huo kwa milango minne. Wakatoliki wa Shirika la Consolata la Turin, waliokuwa Kenya tangu 1902, walifika Meru kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waanglikana wa Church Missionary Society walianza kazi upande wa Embu na Kabare mwaka 1910, kwa juhudi za Dakta T. W. W. Crawford na mkewe, E. May Crawford. United Methodist, waliokuwa Ribe huko pwani tangu 1862, walimtuma John B. Griffiths Meru mwaka 1912, na kutoka hapo ikakua misheni ya Kaaga chini ya R. T. Worthington. Mwaka 1922 Dakta Clive Irvine wa Kanisa la Scotland, ambalo ni la Kipresbiteri, alifungua Chogoria. Ramani hiyo bado inasomeka. Methodisti ni wengi Imenti ya Kaskazini, Wapresbiteri wana ngome yao Chogoria, Waanglikana wamejaa Embu, na Wakatoliki wako kila mahali.

E. May Crawford alichapisha kitabu London mwaka 1913, *By the Equator's Snowy Peak*, juu ya kazi yao chini ya mlima wenye theluji. Anafaa kukumbukwa hapa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mke na mwenye nyumba. Mke wa mmisheni hakuwa msindikizaji wa mumewe tu. Nyumba yake ilikuwa darasa. Madirisha, meza yenye kitambaa, sahani kwa kila mtu, sala kabla ya kula, baba na mama wakiketi pamoja na watoto: yote hayo yalikuwa mahubiri kwa msichana aliyekuja kusaidia kazi, kabla hajafundishwa hata herufi moja.

Kisha yakaja masomo yenyewe. Misheni karibu zote zilikuwa na wasichana waliolala pale pale, wakifundishwa kushona, kufua, kupiga pasi ya makaa, kumwogesha mtoto, kuchemsha maji na kupika supu. Upande wa Wakatoliki walimu walikuwa masista. Mwaka 1925 Jeanes School ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kuwafundisha walimu wa vijijini, nao walikwenda na wake zao. Mume alisomea jinsi ya kuongoza shule. Mke alifundishwa kuweka nyumba ya mfano. Wakirudi kijijini, nyumba yao ilikuwa ya pembe nne, mbuzi wamehamishiwa zizini, vyombo vinakaushwa juani kwenye kichanja, na choo kimechimbwa nyuma ya migomba.

Mengi katika masomo hayo yalikuwa na faida, na itakuwa dhuluma kuyakejeli. Sabuni ni sabuni. Mtoto mwenye kuhara anahitaji maji yaliyochemshwa, awe Chuka au Edinburgh. Wapo bibi wengi waliojifunza kusoma kwa sababu darasa la ushonaji lilikuwa mlango pekee ambao baba zao waliuruhusu. Tatizo lilikuwa kwenye picha iliyofichika ndani ya somo. Mwanamke aliyefundishwa darasani alikuwa mtunza nyumba anayengoja mume alete riziki. Mwanamke wa Igoji au Kyeni hakuwahi kungoja hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa mkulima. Alitoka darasani na mzigo mpya wa usafi, mapambo na ushonaji, na ule wa zamani wa jembe, kuni na maji ukimngoja mlangoni. Hakuna aliyemwondolea hata mmoja.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, hayakutoka darasani. Yalitoka kwenye kibuyu.

Pombe ya asali na ya miwa ilikuwa kinywaji cha mambo mazito. Wazee walibariki kwa pombe, walipatanisha kwa pombe, walipokea posa na kupanga mahari kwa pombe. Kukaribisha watu kwa heshima kulikuwa kazi ya mwanamume, na kikombe cha heshima kilikuwa mkononi mwake. Methodisti na Wapresbiteri waliwataka waumini wao waache ulevi kabisa, na Waanglikana wa Embu walioguswa na Uamsho, vuguvugu la kiroho tutakaloliona mbele, walifuata njia hiyo hiyo. Wakatoliki walikuwa wepesi zaidi. Basi mwanamume aliyebatizwa akabaki na swali gumu: wazee wakija kuzungumza juu ya binti yake, atawapa nini?

Kwanza alijibu kwa uji. Baadaye, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alijibu kwa chai. Sukari na majani ya chai vilinunuliwa dukani, maziwa yalitoka zizini, na vyote vikachemshwa pamoja katika sufuria moja mpaka rangi ikakolea. Chai ilikuwa na utamu wa sherehe bila hatari ya kelele. Na ilikuwa na jambo jingine ambalo wanahistoria wa kanisa wameliandikia kidogo sana: ilipikwa na mama. Mzee aliyekaribishwa kwa pombe alikaribishwa na mwenye boma. Mzee aliyekaribishwa kwa chai alikaribishwa na mwenye sufuria. Ukarimu wa hadhara, uliokuwa wa wanaume, ukahamia jikoni. Huko ndiko mama wa Kikristo wa Meru na Embu alikopata nafasi mpya, wakati nafasi yake ya zamani ilipokuwa inapungua.

Asali yenyewe haikufukuzwa. Katika mahari ya Kimeru bado inatajwa pamoja na mwanakondoo jike, kondoo dume, mtamba na fahali, na familia za kanisani huipokea kwa furaha. Kilichobadilika ni kile wageni wanachokunywa wakati orodha hiyo inasomwa.

Uamsho uliozaliwa Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937, uliongeza moto chini ya sufuria hiyo. Waliookoka walitembeleana, walikula nyumba kwa nyumba, na walitakiwa kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, zikiwemo zile za ndani ya ndoa. Mume aliyewahi kumpiga mkewe kwa ajili ya chakula kilichochelewa alijikuta akilisema jambo hilo mbele ya watu. Katika jamii ambamo mambo ya jikoni hayakuzungumzwa barazani, hilo lilikuwa tetemeko.

Mambo hayakwenda kwa amani wakati wote. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini wao wakatae hadharani tohara ya wasichana, na Chogoria ilipoteza wengi wa wafuasi wake kwa muda mfupi. Wengine walijiunga na shule na makanisa huru, ambayo mizizi yake bado iko Embu na Chuka katika African Independent Pentecostal Church of Africa. Waliotoka hawakuacha kuwa Wakristo. Walikataa kuambiwa kwamba mama mwema ni yule aliyeacha kila kitu cha mama yake. Na mwaka 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku tohara hiyo Meru, wasichana wengi walijikata wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Sheria iliyoandikwa na wanaume ilikutana na dunia ya wanawake ambayo ilikuwa na mabaraza yake, vyeo vyake na karamu zake.

Mmoja wa wageni walioliona hilo mapema alikuwa Mary Holding, mmisheni wa Kimethodisti huko Meru. Mwaka 1942 alichapisha makala katika jarida la *International Review of Missions* juu ya taasisi za wanawake na kanisa la Kiafrika. Kwamba mmisheni alikaa chini kuchunguza mabaraza ya wanawake wa Kimeru wakati wenzake waliyaona kuwa giza tupu ni jambo la kuheshimiwa. Vyama vya akina mama vilivyostawi baadaye makanisani vilikuja na majina ya Ulaya. Mothers' Union ilianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876; Woman's Guild ilitoka Scotland mwaka 1887. Lakini namna wanawake wa Embu na Chogoria walivyoviendesha, wakubwa wakiwafunda wadogo, wenye ndoa wakiwapokea maarusi, wote wakienda kwa aliyejifungua na mizigo ya kuni na unga, haikuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kutoka ng'ambo.

Wakati huo huo, ghala lilikuwa linakonda.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wachache walime kahawa, na Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Kahawa haikai ikumbi. Inapelekwa kiwandani, na malipo yake yanarudi yakiwa shilingi zenye jina la mwenye shamba. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikaza fundo hilo: ardhi iliunganishwa, ikapimwa, ikaandikishwa, na hati karibu zote zikatoka kwa jina la mume. Mke aliendelea kupalilia, kuchuma na kubeba debe. Lakini chakula kilichokuwa kikitoka kwenye ghala alilolishika yeye sasa kilitoka mfukoni mwa mtu mwingine, na ilimbidi aombe. Mahindi meupe nayo yalikuwa yanachukua nafasi ya wimbi na mtama, na mashine za kusaga ziliokoa mgongo wa mama kutoka kwenye jiwe, huku zikidai senti kwa kila kilo. Mtu asiione hiyo kuwa hasara tupu. Aliyewahi kusaga wimbi kwa mkono kabla ya alfajiri hataki kurudi huko. Ila mashine ilidai pesa, na pesa hazikuwa mkononi mwake.

Miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 iliwabana wanawake kuliko wakati wowote. Embu na Meru zilikuwa uwanja wa vita kati ya serikali na Mau Mau. Kuanzia 1954 watu walikusanywa katika vijiji vyenye handaki na saa za kutotoka nje. Akina mama walichimba mahandaki hayo kwa amri, na mashamba yalitembelewa kwa saa chache tu zilizoruhusiwa. Waliopika kwa siri kwa ajili ya wapiganaji wa msituni na waliokataa kiapo chao kwa sababu ya imani yao waliishi ukuta kwa ukuta, wakiazimana makaa ya moto asubuhi.

Ni katika mwaka huo wa 1952 ambapo serikali ilianzisha Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, usafi, malezi na mapishi, yale yale ya misheni, sasa kwa mkono wa idara ya maendeleo ya jamii. Lengo mojawapo lilikuwa la kisiasa: kuwaweka wanawake mbali na Mau Mau. Wao walichukua walichokitaka. Keki iliyookwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ilikuwa pambo la arusi kabla ya kuwa somo la mapishi. Na vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vinavyofunika makochi na meza mpaka leo, vikawa sanaa ya nyumba za Mlima Kenya nzima. Baada ya uhuru wapo waliolalamika kwamba vilabu vinafundisha keki wakati akina mama wanahitaji maji. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini wanawake waliojua kuketi katika kikundi, kuweka daftari na kukusanya michango walikuwa wamepata chombo ambacho mwalimu wao hakukikusudia.

Mwea inastahili kutajwa peke yake. Mradi wa umwagiliaji ulianza katikati ya miaka ya 1950, kwa nguvu za watu waliowekwa kizuizini, katika tambarare iliyokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Embu kabla Kirinyaga haijatengwa. Mchele wake ulibadilisha sahani ya sikukuu pande zote za mlima. Kwa wake wa wapangaji wa mradi, mambo yalikuwa tofauti. Utafiti wa Jane Hanger na Jon Moris, uliotoka mwaka 1973, ulionyesha kwamba mradi uliowapa waume pesa uliwaacha wake na kazi zaidi na uwezo mdogo zaidi wa kulisha nyumba: mpunga haukuwa chakula chao cha kila siku, kuni zilikuwa shida kupatikana kwenye tambarare ile, na walichohitaji jikoni kilibidi kinunuliwe. Wataalamu waliopima maji na mavuno kwa makini hawakufikiria moto utawashwa kwa kuni gani.

Nyumba nayo ilibadilika umbo, na hili huonekana dogo mpaka mtu alitazame vizuri. Katika nyumba ya mviringo moto ulikuwa katikati, na mama aliketi karibu nao. Watoto, hadithi na wageni walimzunguka yeye. Nyumba ya pembe nne, ile iliyosifiwa na misheni, ilileta sebule yenye viti na picha ukutani, na jiko likatolewa nje, nyuma, pamoja na moshi wake. Mapafu ya waliolala ndani yalipona. Lakini mama akawa mtu wa kuingia na kutoka na sinia. Yale yaliyozungumzwa sebuleni aliyasikia kwa vipande. Sala ya familia ya jioni ndiyo iliyomrudisha kwenye kiti, na huenda ndiyo sababu akina mama wengi waliishikilia kwa nguvu kuliko waume zao.

Ladha ilibadilika pia. Mafuta ya Kimbo na vitunguu vilileta ukaangaji katika mapishi yaliyokuwa ya kuchemsha. Chapati, iliyotoka kwa Wahindi wa madukani, ilipanda mlima na kuwa chakula cha Krismasi. Unga wa ngano haukuwa mbali, kwani Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ni nchi ya ngano. Pilau ilifuata njia ya Waswahili na biashara. Kwa miaka mingi mtoto wa Meru au Embu alihesabu Krismasi kwa chapati, na mama alisimama juu ya moto tangu asubuhi akisukuma, akikaanga, akiwafukuza wezi wadogo. Mukimo, kile chakula cha kupondwa chenye majani ya malenge, haukushuka cheo. Unabaki mezani siku ya mahari, kando ya pilau, na wazee ndio wanaoanza nao.

Swali la maji liliwasumbua akina mama kuliko mapishi yoyote. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya wanawake vya Mlima Kenya vilichangiana kununua mabati, nyumba baada ya nyumba, na paa la bati likaleta mfereji na tangi. Huko Nyambene, Ndugu Giuseppe Argese wa Consolata, ambaye watu walimwita Mukiri, alifanya kazi ambayo kwa akina mama wa Igembe na Tigania ilizidi mahubiri mengi. Alianza kutafuta maji kwa ajili ya kituo cha watoto wenye ulemavu cha Tuuru, akayakusanya kutoka msitu wenye ukungu juu ya vilima, na mabomba ya mradi huo yakaenea kwa mamia ya kilomita hadi nyanda kavu za chini. Hakufundisha mtu kupika. Aliwapa saa za siku walizokuwa wakizitumia barabarani na mtungi mgongoni.

Majiko nayo yakafuata. Katika miaka ya 1980 Maendeleo ya Wanawake, pamoja na Wizara ya Nishati na shirika la Ujerumani la GTZ, ilieneza jiko la udongo wa kuchoma linalookoa kuni, ambalo lilipata jina la chama chenyewe. Siku hizi, kwa kuwa Meru na Embu ni nchi za ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini, wapo wanaopikia gesi ya kinyesi. Mafiga hayajaondoka hata hivyo. Githeri, mahindi na maharage ya kuchemshwa saa tatu, haipikwi kwa gesi ya mtungi na mtu anayelipia mtungi huo mwenyewe.

Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, sayansi kimu iliwekwa katika shule za msingi, kwa wavulana na wasichana pamoja. Wapo wanaume wa Runyenjes na Nkubu ambao mara yao ya kwanza kushika mwiko ilikuwa mbele ya mwalimu, kwa ajili ya alama. Babu zao, waliolishwa gaaru, wangeshangaa sana. Mabadiliko hayo hayakufika mbali kama yalivyotarajiwa, kwani somo lilipoondolewa kwenye mtihani wa taifa wazazi wengi walilisahau, lakini mbegu ilidondoka.

Na jikoni kwa kanisa? Huko ndiko historia hii imefika leo. Mkutano wa sinodi, kuwekwa wakfu kwa askofu, arusi, mazishi, mahari, mchango wa kujenga darasa: yote yanaanza kwa akina mama wa Guild, wa Mothers' Union, wa ushirika wa Kimethodisti au wa chama cha wanawake Wakatoliki kuulizwa watu ni wangapi. Wanaijua hesabu hiyo kuliko mhasibu. Gunia la viazi linalisha wangapi, mbuzi mmoja anaongezewa nini, chai ya mwanzo itoke saa ngapi ili hotuba zisirefuke. Wachungaji hukaa meza ya mbele. Wanaopika hula mwisho, wakiwa wamesimama. Kanisa linalohubiri juu ya Martha na Mariamu kila mwaka linapaswa kuliona hilo na kulirekebisha, na katika parokia nyingine vijana wa kiume na kina baba wameanza kupewa zamu ya kuhudumia na kuosha vyombo.

Vikundi vyenyewe havikungoja. Michango iliyoanza kama ya kununuliana vikombe na sufuria ilikua. Leo katika miji kama Chuka, Nkubu na Embu, kikundi cha akina mama wa kanisa mara nyingi ndicho chenye sufuria kubwa za kulisha mamia, sahani kwa dazeni, mahema na viti vya plastiki, na anayefanya sherehe, awe muumini au la, huvikodi kwao. Kitabu cha mali kinashikwa na mweka hazina wao, stoo ina kufuli, na funguo ziko kwa mama. Ukodishaji ukirudisha faida, hugawanywa kwa ada za shule, bima ya afya au ng'ombe wa maziwa kwa aliyefikiwa na zamu, na mume anayetaka kukopa hupeleka ombi lake kupitia kwa mkewe.